Umeme wa gesi ya dampo: kazi kubwa iko visimani

Injini ya kilowati 500 ikibeba mzigo wake wote inakula gesi ya dampo, ile inayotoka kwenye taka zinazooza, kama mita za ujazo 260 kila saa. Hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya methani tupu ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Gesi ya dampo nusu yake tu ndiyo methani, basi inabaki kilowati-saa 5. Injini nzuri ya ukubwa huo inageuza asilimia 38 hivi ya nishati hiyo kuwa umeme. Gawanya 500 kwa 0.38, kisha kwa 5, unapata 263. Anayeijua hesabu hii hayumbishwi na muuza mitambo yeyote.

Naanza nayo kwa sababu mipango mingi ya mitambo hii midogo huanzia kwenye injini: ni ya nani, ina silinda ngapi, inatoa umeme kiasi gani. Injini ni bidhaa. Unailipia, inaletwa, inafungwa. Gesi haiji hivyo. Inatafutwa chini ya taka, kisima kwa kisima, wiki baada ya wiki, kwa miaka ishirini. Mtambo ukizalisha nusu ya ulichotarajia, anza kutafuta sababu juu ya dampo kabla hujafungua kontena la injini.

Gesi ipo kiasi gani, na itadumu hadi lini

Taka mbichi hazitoi methani siku zinapomwagwa. Kwanza bakteria wanaotumia oksijeni humaliza hewa iliyonaswa ndani. Wanafuata wale wa uchachu, wanaotoa asidi, haidrojeni na kaboni dioksaidi. Mwisho hutawala bakteria wa methani, ambao oksijeni kwao ni sumu. Mabadiliko hayo huchukua miezi kadhaa hadi miaka miwili hivi, kutegemea unyevu na joto. Yakishatulia, methani huwa asilimia 45 hadi 60, inayobaki karibu yote ni kaboni dioksaidi, na gesi nzima imejaa mvuke wa maji.

Kukadiria kiasi, wengi hutumia modeli ya LandGEM ya shirika la mazingira la Marekani, au ile ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi. Wazo ni lile lile: kila tani ya taka imebeba kiasi fulani cha methani, na inakitoa kwa kasi inayopungua mwaka hadi mwaka. Kasi hiyo huandikwa k, na k ndiyo inayowapoteza watu.

Chukua dampo lililopokea tani 100,000 kwa mwaka kwa miaka 10, likafungwa. Tuseme kila tani inaweza kutoa mita za ujazo 100 za methani, na visima vinanasa nusu ya gesi inayozalishwa. Ukitumia k ya 0.05, siku ya kufunga dampo una gesi ya kutosha kilowati 850. Miaka 10 baadaye umebaki na 515. Sasa weka k ya 0.17, ambayo IPCC inaipendekeza kwa taka mchanganyiko katika maeneo ya joto na mvua nyingi. Siku ya kufunga unaona karibu kilowati 1,770, na miaka 10 baadaye 320 tu. Taka ni zile zile. Aliyenunua injini ya megawati moja na nusu kwa kuangalia kilele cha mchoro atakuwa na injini inayonyongeka kabla mkopo haujaisha.

Kwa dampo la mvua nyingi lenye mabaki mengi ya chakula, ushauri wangu ni huu: nunua injini mbili au tatu ndogo zinazofanana, zifungwe kwenye makontena yanayohamishika, na ya kwanza iwe ya gesi unayoiamini kwa miaka minane ijayo. Ziada ya miaka ya mwanzo ichomwe kwenye mwenge, yaani mtambo wa kuunguza gesi isiyotumika, au ukodi injini.

Kuna jambo jingine ambalo modeli haikuulizi kwa sauti kubwa: dampo lenyewe lilijengwaje. Taka zilizotawanywa bila kushindiliwa wala kufunikwa zinapumua hewa, na sehemu kubwa huoza bila kutoa methani. IPCC huhesabu dampo lisilosimamiwa lenye kimo chini ya mita 5 kuwa linatoa asilimia 40 tu ya methani ambayo taka hizo zingetoa dampo likisimamiwa vizuri. Likizidi mita 5, asilimia 80. Halafu kuna moto. Dampo ambalo limekuwa likiwaka moshi kwa miaka limeshakula sehemu ya mafuta yako.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, fanya jaribio la kuvuta. Choronga visima vichache sehemu tofauti, viunganishe na blowa ndogo (feni ya kuvuta na kusukuma gesi) na mwenge wa kubebeka, vuta mfululizo kwa wiki kadhaa. Siku za kwanza hazikuambii kitu, kwa maana unavuta gesi iliyokuwa imejikusanya. Unachokitafuta ni kile kiwango cha mtiririko ambacho methani inakaa palepale bila kushuka. Hicho ndicho chako. Kingine chote ni makadirio.

Kisima

Kisima cha wima huchorongwa kwa kipenyo cha sentimita 60 hadi 90, kwa kina cha robo tatu hivi ya kimo cha taka, na kitako chake kibaki angalau mita 3 juu ya sakafu ya dampo. Usimruhusu mchorongaji kuzila mita hizo. Akitoboa plastiki iliyotandikwa sakafuni, maji ya taka, yaani yale machafu yanayojikusanya ndani ya dampo, yanaingia ardhini, na hakuna atakayeifikia tena kuiziba.

Ndani ya shimo linashushwa bomba la plastiki ngumu (HDPE) la milimita 160, theluthi mbili zake za chini zikiwa na matundu. Kuzunguka matundu unajaza kokoto ngumu zilizooshwa, za milimita 25 hadi 75. Zisiwe za mawe ya chokaa: maji ya taka yenye asidi na kaboni dioksaidi huyayeyusha, kisha chokaa hujiganda upya kwenye matundu na kuyaziba. Juu ya kokoto inafuata bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, nayo imwagiwe maji ivimbe. Ikimwagwa kavu na kuachwa hivyo inabaki unga, na hewa inapita humo kama haikuwekwa. Juu yake udongo ulioshindiliwa, kisha tabaka jingine la bentonaiti karibu na uso. Mita 3 hadi 6 za juu za bomba zisiwe na tundu hata moja.

Nafasi kati ya kisima na kisima huwa mita 30 hadi 60. Kisima kirefu huvuta mbali, kifupi huvuta karibu, kwa hiyo dampo la kimo kidogo linahitaji visima vingi vilivyosogeleana kuliko vile mwenye bajeti angependa. Kingo za dampo ndizo ngumu zaidi, kwani hewa huingia kwa urahisi pale ubavuni. Kisima cha ukingoni kivutwe taratibu siku zote.

Kichwa cha kisima kiwe na valvu inayofunguka kidogo kidogo, sehemu mbili za kuchomeka kipima gesi na kipima presha, kipimajoto, na sahani yenye tundu au kifaa kingine cha kupimia mtiririko. Kiunganishwe na bomba kuu kwa hozi inayopinda. Taka hushuka: dampo linaweza kupoteza asilimia 10 hadi 30 ya kimo chake kadiri miaka inavyokwenda. Bomba la kisima lisipokuwa na sehemu inayoteleza, litabaki limesimama juu kama mlingoti huku udongo ukishuka, na ufa wa mviringo utafunguka kulizunguka. Ufa huo ni dirisha la hewa. Ujaze bentonaiti mara uuonapo.

Na kuna maji. Kabla hujakilaumu kisima kisichotoa gesi, shusha utepe wa kupimia maji. Kisima chenye mita 12 za matundu kikiwa na mita 9 za maji ya taka kimebakiwa na mita 3 tu za kuvutia, na zile za juu kabisa, karibu na hewa. Ukifungua valvu zaidi unavuta hewa tu. Tiba ni pampu inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa, maana haina cheche. Katika madampo ya mvua nyingi, pampu hizi ndizo zinazoamua umeme utauza kiasi gani, na ajabu yake ni kwamba ndizo hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Maji ndani ya mabomba

Gesi inatoka kisimani ikiwa na nyuzi 40 hivi na mvuke uliojaa, takribani gramu 51 kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 njiani, inaweza kubeba gramu 17 tu. Gramu 34 zinadondoka. Kwa mtiririko wetu wa mita za ujazo 260 kwa saa, hizo ni zaidi ya lita 200 za maji machafu kila siku ndani ya mabomba.

Kwa sababu hiyo bomba likipita juu ya taka lipewe mteremko wa asilimia 3 hadi 5, hata kama mchoraji ramani anaona ni mwingi. Mteremko wa asilimia 1 utatoweka mwaka wa kwanza taka zikishuka, na mahali pa chini patakuwa bwawa. Dalili yake unaiona kwenye kichwa cha kisima: mshale wa kipima mvuto haukai, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Maji yamekaa kwenye tumbo la bomba, mvuto unayanyanyua, gesi inapita kwa mkupuo, yanarudi. Injini nayo itayumba kwa mapigo hayo hayo. Tembea na bomba, sikiliza kwa sikio lililowekwa juu ya plastiki. Maji yakigugumia, hapo ndipo pa kuinulia.

Kila sehemu ya chini iwekewe mtego wa maji. Mtego wa umbo la U ni rahisi na haukosei, ila uwe mrefu kuliko mvuto wako. Mvuto wa milibari 100 (milibari ni kipimo cha presha) unanyanyua maji kwa mita moja na kidogo. Mtego wa sentimita 80 kwenye mfumo huo utanyonywa ukauke, na tangu hapo unavuta hewa saa zote. Fanya mita moja na nusu, na baada ya kiangazi kirefu au matengenezo uujaze maji kabla ya kuwasha blowa.

Kusawazisha visima

Huu ndio ufundi wenyewe. Unataka kuvuta gesi yote inayozalishwa bila kuvuta zaidi yake hata kidogo. Ukivuta pungufu, gesi inavuja juu na pembeni: harufu, hatari, na umeme uliopotea. Ukivuta kupita kiasi, hewa inapenya kwenye udongo wa juu, inawaua bakteria wa methani, na mbaya zaidi inaweza kuwasha moto chini kwa chini.

Beba kipima gesi kinachosoma methani, kaboni dioksaidi na oksijeni. Kinachobaki kufikia 100 ni naitrojeni karibu yote. Kwa mtambo wa injini, kisima chenye afya kina methani ya asilimia 48 hadi 55, oksijeni chini ya 1, na salio la naitrojeni chini ya 10 au 12. Namba ya methani ndiyo kila mtu huitazama. Mimi hutazama naitrojeni kwanza, kwa kuwa haijui kudanganya. Oksijeni inaliwa na bakteria njiani, lakini naitrojeni iliyoingia na hewa haina pa kwenda.

Hapo unapata chombo cha uchunguzi kisichogharimu kitu. Hewa ya kawaida ina naitrojeni 79 kwa oksijeni 21, yaani mara 3.8. Kisima kikisoma methani 42, kaboni dioksaidi 33, oksijeni 5 na salio 20, gawanya 20 kwa 5: unapata 4. Hiyo ni hewa mbichi, haijapita kwenye taka. Kuna hozi iliyopasuka, gasketi iliyokauka, mtego mkavu, au hata kiunganishi cha kipima chako mwenyewe hakijakaza. Usiguse valvu. Tafuta tundu. Kisima kingine kikisoma methani 44, kaboni dioksaidi 36, oksijeni 0.3 na salio 19.7, mambo ni tofauti kabisa: hewa imepita kwenye taka na oksijeni imeliwa humo. Unavuta kupita kiasi. Punguza valvu, leo.

Mtu asiyejua tofauti hii atakiona cha kwanza kibaya na cha pili kizuri, kwa kuwa oksijeni yake ni ndogo. Ni kinyume. Cha kwanza kinahitaji spana, cha pili kinajiandaa kuungua.

Geuza valvu kidogo, kiasi cha kubadilisha mtiririko kwa asilimia 10 au chini ya hapo, kisha uache angalau siku nzima kabla ya kuamua tena. Taka hazijibu kwa dakika. Fundi anayezunguka dampo asubuhi akifungua na mchana akifunga anafukuza kivuli chake. Pia ukibana kisima kimoja, mvuto unaongezeka kwa jirani zake, basi vipime na vyenyewe.

Pima saa ile ile kila mara. Presha ya hewa katika nchi za joto hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa milibari kadhaa, ikiwa juu karibu saa nne na chini karibu saa kumi, usiku na mchana. Kisima kinachovutwa kwa milibari 5 tu kinaiona tofauti hiyo waziwazi. Kipimo cha saa nne asubuhi na cha saa kumi jioni havilinganishwi.

Presha hiyo hiyo inaweza kuua. Tarehe 24 Machi 1986 nyumba moja ya kijiji cha Loscoe, Uingereza, ililipuliwa na gesi iliyosafiri chini ya ardhi kutoka dampo la jirani, baada ya presha ya hewa kushuka kwa kasi kwa saa chache. Watu watatu walijeruhiwa. Pembeni mwa dampo, kati yake na nyumba za watu, weka visima vidogo vya uchunguzi na uvipime hasa siku ambazo hali ya hewa inabadilika. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa.

Kuhusu moto wa chini: tazama joto la kisima. Likikaribia nyuzi 55, pima kaboni monoksaidi, ikiwezekana kwa sampuli ya maabara, kwani vipima vya mkononi huchanganywa na gesi nyingine. Ikizidi sehemu 100 kwa milioni, shuku. Ikizidi 1,000, chukulia kwamba taka zinaungua. Funga kisima hicho na vya jirani, tafuta nyufa, shindilia udongo wa mfinyanzi juu yake. Usichimbue ili uone. Kuchimbua ni kuupa pumzi.

Kuisafisha gesi

Blowa ndiyo inayovuta upande mmoja na kusukuma upande wa pili. Kwa mtambo wa ukubwa huu, mvuto wa milibari 50 hadi 100 upande wa dampo unatosha, na injini nyingi zinataka gesi izifikie kwa milibari 80 hadi 200. Weka na blowa ya akiba. Kusimama kwa blowa ni kusimama kwa kila kitu.

Kabla au baada yake unaipooza gesi hadi nyuzi 5, maji yanadondoka, halafu unaiacha ipate joto tena hadi nyuzi 20 au zaidi. Wengi hupooza na kuishia hapo. Gesi iliyotoka kwenye kipozaji bado imejaa mvuke kwa joto lile, na itadondosha maji tena mahali pa kwanza penye ubaridi. Ikishapashwa hadi nyuzi 20 unyevu wake unashuka hadi asilimia 40 hivi, na hapo ndipo mkaa wa kuchujia unafanya kazi. Mkaa uliolowa haunasi kitu.

Mkaa huo ni kwa ajili ya siloksani. Hizi ni kemikali za silikoni zinazotoka kwenye shampuu, vipodozi, sabuni na vilainishi vilivyotupwa. Zikiungua ndani ya silinda zinakuwa silika, yaani mchanga mwembamba. Tuseme gesi yako ina miligramu 20 za siloksani kwa mita ya ujazo. Kwa mita 260 kwa saa na saa 8,000 kwa mwaka, injini imekula kilo 42 hivi za siloksani, na zinatoa kama kilo 34 za silika. Sehemu kubwa inatoka na moshi. Inayobaki inajenga ganda jeupe juu ya pistoni na kwenye valvu za moshi, inakwangua silinda, inaingia kwenye oili. Ganda likiwa nene linabaki jekundu kwa joto na kuiwasha gesi kabla ya plagi, na injini inaanza kugonga.

Weka matangi mawili ya mkaa mfululizo. Pima katikati yao. Siloksani ikianza kupita tangi la kwanza, badilisha mkaa wake, kisha ligeuze liwe la pili. Hivyo hakuna siku gesi chafu inafika kwenye injini. Unapofungua tangi, kuwa mwangalifu: mkaa uliotumika ukikutana na hewa ghafla unaweza kupata moto wenyewe.

Haidrojeni salfaidi ni adui wa pili, nayo huwa nyingi pale palipotupwa mabaki ya jasi za ujenzi. Ndani ya injini inageuka asidi na kuimaliza oili. Nje ya injini inakula shaba, kwa hiyo mabomba ya shaba hayana nafasi hapa, na chumba cha paneli za umeme kipulizwe hewa safi daima. Kwa binadamu ni hatari zaidi: ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni, pua inaacha kuinusa. Mtu asiingie kwenye shimo la valvu au la mtego wa maji bila kipima gesi, kamba, na mwenzake juu. Hata isipokuwapo salfaidi, kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa na inalala shimoni.

Injini, oili na gridi

Gesi ya dampo ina sifa moja nzuri: kaboni dioksaidi iliyomo inaifanya isigonge kirahisi. Ubaya ni kwamba ubora wake unabadilika, basi mfumo wa kuchanganya hewa na gesi lazima usome methani na kujirekebisha. Methani ikishuka chini ya 45, injini nyingi zinaanza kupunguza mzigo zenyewe. Ukiona hivyo, usimwite fundi wa injini kabla hujatembelea visima.

Oili ibadilishwe kwa ushahidi. Anza na kila saa 500, peleka sampuli maabara kila mara, na utazame mambo matatu: silikoni inapanda kwa kasi gani, akiba ya alkali (inayozima asidi ndani ya oili) imebaki kiasi gani, na chembe za chuma kutoka vipuri vinavyochakaa. Akiba ya alkali ikishuka hadi nusu ya ile ya oili mpya, badilisha hata kama saa hazijafika. Silikoni ikipanda ghafla kati ya sampuli mbili, mkaa umejaa. Pia pima nafasi za valvu kila huduma na uandike. Nafasi inayopungua mfululizo kwenye silinda moja inakuonya kwamba kiti cha valvu kinaliwa, na utaweza kufungua silinda hedi hiyo moja kwa siku uliyoichagua.

Injini isiendeshwe chini ya nusu ya mzigo kwa muda mrefu, wala isiwashwe na kuzimwa kila siku. Ikipoa, unyevu na asidi vinatulia ndani ya krenki. Ikibidi isimame, maji yake ya kupoozea yabaki ya moto kwa hita.

Jenereta ya kilowati 500 kwa volti 400 inatoa ampea 720. Pawa fakta, yaani uwiano wa nguvu halisi na nguvu nzima, ikiwa 0.9, zinafika 800. Kutoka hapo transfoma inapandisha hadi kilovolti 11 au 33 za gridi. Kabla breka haijafungwa, volti, masafa, mfuatano wa fezi na pembe yake vilingane na gridi. Kinga ya kutambua gridi imekatika isizimwe kwa kisingizio chochote, hata kama inakukera kwa kuangusha mtambo. Bila hiyo unaweza kuipelekea umeme laini ambayo mafundi wanaamini imekufa. Na ukiuza, kumbuka mtambo wenyewe unakula asilimia 5 hadi 8 ya umeme wake kwa blowa, kipozaji, feni na pampu.

Mwenge

Injini ikisimama, gesi haisimami. Mwenge uweze kuchoma gesi yote ya dampo, si ile ya ziada tu, na ujiwashe wenyewe ndani ya dakika chache gridi ikikatika. Hii inahitaji betri au jenereta ndogo kwa ajili ya blowa, jambo linalosahaulika mpaka usiku wa kwanza wa giza. Gesi inayolisha kilowati 500 ina methani zaidi ya tani 2 kwa siku, na kwa miaka 100 kila tani ya methani ya taka inapasha dunia joto kama tani 27 za kaboni dioksaidi. Siku moja bila mwenge inakaribia tani 60 za kaboni dioksaidi.

Mwenge wa kufunikwa ndio wa kununua. Kiwango kinachotumika Uingereza ni nyuzi 1,000 kwa sekunde 0.3, nacho kinaunguza methani na vichafuzi vingi kwa uhakika. Kizuia moto kilicho kwenye bomba lake kifunguliwe na kuoshwa kila miezi michache. Kikiziba, gesi haifiki vizuri kwenye mwenge na utazunguka mtambo mzima ukitafuta sababu.

Miaka ya mwisho, gesi isipotosha tena injini ndogo kuliko zote, mwenge unabaki kazini peke yake. Methani ikishuka kuelekea 25 utahitaji aina inayochoma gesi dhaifu, au kuvuta kwa zamu: saa kadhaa uwake, saa kadhaa visima vijikusanyie. Visima vya pembeni vya uchunguzi vinaendelea kupimwa muda wote huo, na miaka kadhaa baada ya mwenge kuzimwa.